Vina Upande wa Kulia

Mzee Mselemu alikuwa na namna yake ya kutunga ambayo watu wa mtaa wake wa Mandewa waliifanyia utani. Alianzia mwisho. Akikaa na daftari, kwanza alipiga mstari kwa rula kutoka juu mpaka chini, karibu na ukingo wa kulia wa ukurasa, halafu nyuma ya mstari huo akaandika vina peke yake, kimoja chini ya kingine, kama watu waliopanga foleni ya sukari. Upande wa kushoto ukabaki mweupe. Maneno ya kujazia yalikaa kichwani mwake mpaka siku ya kusoma. Akiulizwa sababu alijibu kwamba yeye ni karani wa mizani, na karani wa mizani anaangalia mshale uliposimama, haangalii gunia limetoka wapi.

Kwa hiyo kiharusi kilipomwangusha, akiwa anatia udhu, daftari lake lilikuwa na vina tu. Mengine yote yalifungiwa ndani pamoja na ulimi.

Hospitali walikaa siku tano. Aliporudi nyumbani mkono wa kulia haukuwa na kazi, mdomo umekwenda upande, na kila alichojaribu kusema kilitoka kama mtu anayeongea huku ana uji wa moto mdomoni. Akili ilikuwa salama. Binti yake Hajira aliligundua hilo siku ya kwanza tu, alipomwekea chai isiyo na sukari naye akamtazama kwa jicho lile lile la kumtazama mkulima aliyetia mawe kwenye gunia. Wakapatana lugha ya watu wawili. Baba akikubali, anagonga mkono wa kiti kwa kidole cha kushoto. Akikataa, anafumba macho.

Hajira alikuwa na miaka ishirini na moja. Shule aliishia la saba. Hakuchaguliwa kuendelea, na wala hakulia. Alijifunza cherehani, na sasa alishonea kwenye baraza la duka la Hirji, mjini. Mama yake alikuwa amekwisha kufariki. Tangu mdogo kazi yake jioni ilikuwa kumshikia baba rula isiteleze, na katika kushika rula alikuwa ameona mengi. Alijua kwamba kwa watunzi wengine silabi ya mwisho ikifanana inatosha, ila kwa baba yake zilitakiwa mbili. Watu walimwambia anajitesa. Alikuwa anajibu kwamba kilo pungufu ni pungufu.

Shairi lililokuwa kwenye daftari lilikuwa la kuaga. Mwaka huo wa tisini na nne maduka ya Singida yalijaa vitu ambavyo zamani watu walivisikia kwa waliokwenda Nairobi, lakini shirika la mazao alilofanyia kazi Mzee Mselemu lilikuwa linapewa mwenye mali mwingine, na watumishi wanane walikuwa wamepata barua. Yeye alikuwa mmoja wao, baada ya miaka ishirini na tatu kwenye mizani ya ghala. Kulikuwa na sherehe Jumamosi. Mgeni angetoka makao makuu. Na Meneja, ambaye kila sherehe alimtegemea Mselemu kwa shairi, alimtegemea na kwa hii ya kumuaga Mselemu mwenyewe. Alimpa waraka wa Kiingereza uliotoka juu, akampigia mstari maneno manane, akamwomba yote yawemo, ili mgeni ajue kuwa hata huku Singida mambo yameeleweka.

Maneno yenyewe baba aliyaandika alivyoyasikia kinywani mwa Meneja. Disiplini. Ridandansi. Kraiteria. Industri. Potifolio. Volantari. Liberalaizesheni. Prodaktiviti. Yalishuka upande wa kulia, na chini ya kila neno palikuwa na kistari kidogo kitupu. Beti nane za mishororo miwili miwili: mshororo wa kwanza unaishia kwenye neno la waraka, wa pili unaishia kwenye kistari.

Hajira alivitazama vile vistari akaona jambo moja bila shaka yoyote. Baba yake alikuwa amekosa vina.

Meneja alikuja kumwona mgonjwa Jumatatu, na kofia mkononi. Hajira akamwamkia shikamoo, akampa kiti. Meneja alimsemesha mzee kwa sauti kubwa, kama watu wanavyowafanya wagonjwa wa ulimi kuwa viziwi, kisha akamvuta Hajira pembeni. Hakuwa mtu mbaya. Alisema baba apumzike, shairi si lazima, ratiba inaweza kwenda kwa hotuba peke yake. Akamwonyesha ratiba yenyewe, imepigwa chapa vizuri. Namba tano: Kuwaaga Watumishi Wanane. Namba sita: Shairi. Alikuwa tayari ametoa kalamu yake ya wino aikate ile namba sita.

Hajira alitupa jicho ndani. Baba yake alikuwa amefumba macho, na alikuwa ameyafumba kwa nguvu.

"Usiikate, mzee," akasema. "Nipe mpaka Ijumaa mchana. Nitamalizia mimi, nitasoma mimi."

"Wewe unajua maneno haya?"

"Siyajui. Lakini baba ameyaandika."

Meneja akafikiri, akairudisha kalamu mfukoni. Alisema Ijumaa saa sita, na maneno yote manane yawemo, hata moja lisianguke. Hajira akaahidi.

Alipoondoka, Hajira alijua amejifunga kamba. Baba yake alikuwa amewaaga wakubwa na wadogo wa shirika lile kwa miaka ishirini na tatu. Waliohamishwa, waliostaafu, mpaka mhasibu mmoja aliyekuwa hapendwi na mtu. Kama yeye mwenyewe angeondoka pale kimya, akiwa amekaa kwenye kiti kama mzigo uliosahauliwa, kiharusi kingekuwa kimemchukulia zaidi ya mkono.

Siku ile ile akaanza kuwinda vina.

Kwenye baraza la Hirji alikuwa na karatasi ya kaki ya kukatia mitindo. Akaandika maneno manane upande mmoja, akaibandika ukutani mbele ya cherehani. Mguu ukisukuma, jicho linasoma. Mji ulikuwa umejaa maneno marefu siku hizo; yalikuja na makaratoni. Kila boksi lililoshushwa dukani lilikuwa na habari zake ubavuni, na Hajira alikuwa anayasoma kwa mdomo mdogo, silabi kwa silabi, akitafuta mikia inayofanana.

Prashant, mtoto wa kiume wa mwenye duka, kijana wa makamo yake aliyemaliza sekondari, alimwona mara ya tatu akiinama kwenye karatoni la dawa ya kufulia, akamuuliza anasali au anasoma. Hajira akamweleza. Prashant alifurahi kupita kiasi. Alikuwa hajapata mtu wa kumwuliza Kiingereza tangu atoke shule.

Akamfundisha kwamba Waingereza hawaanzii kwenye mkia. Wao wanatafuta mahali sauti inapokandamiza neno, na kuanzia hapo mpaka mwisho ndipo panapotakiwa kufanana. Neno refu kama liberalaizesheni, alisema, limekandamizwa karibu na mwisho, kwa hiyo lina ndugu wengi, ndugu mia. Lakini kraiteria limekandamizwa mbali kidogo, inabidi ubebe silabi nyingi, ndugu wanapungua. Akataja bakteria, akacheka mwenyewe.

"Na neno likikosa ndugu?" Hajira akauliza.

"Unachukua jirani. Sauti zinakaribiana tu, si sawa kabisa. Hata wao wanafanya hivyo."

"Baba hachukui jirani."

Mama Ramila, mama yake Prashant, aliyekuwa nyuma ya kaunta akipima mchele, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba Mselemu amemjua tangu wote hawana mvi, na hata siku moja hakumwongezea wala kumpunguzia robo. Mtu kama huyo, alisema, mpelekee sawasawa.

Basi Hajira akapeleka sawasawa. Jumanne jioni aliketi miguuni pa baba na karatasi yake ya kaki, akamsomea. Kwa disiplini alikuwa na penisilini. Mzee akafumba macho. Kwa ridandansi alikuwa na laisensi na ambulensi. Akafumba. Kwa potifolio, redio. Kwa volantari, sekretari, ambalo Hajira alilipenda sana kwa jinsi lilivyoingia kama mguu kwenye kiatu chake. Akafumba. Kwa liberalaizesheni akaleta stesheni. Macho hata hayakufunguka kusubiri neno lifuatalo. La mwisho alikuwa amelihifadhi kama nyama ya mwisho kwenye sahani. Kwa prodaktiviti hakwenda kwenye makaratoni; alilipata nyumbani. Viti. Silabi mbili kamili, na sherehe ina viti, na mzee amekaa kwenye kiti.

Baba alimtazama muda mrefu, kama anayemwonea huruma, kisha akafumba macho.

Jumatano ikawa hivyo hivyo. Prashant alileta kamusi, wakapekua. Hajira alijaza mishororo mizima upande wa kushoto, yenye sifa nzuri za milango kufunguliwa na bidhaa kufika, akidhani labda vina vikikaa mahali pake vitapendeza. Mizani aliihesabu kwa vidole, nane na nane, hakuna hata moja iliyopungua. Liberalaizesheni peke yake lilikula silabi nane, nusu nzima ya mshororo, na aliona fahari alivyolikalisha. Akasoma. Macho yakafumbwa. Akabadilisha kina, akasoma tena. Yakafumbwa. Kila alipokataliwa aliona kosa liko kwenye sikio: kina hakijakaza, sauti haijalingana. Akatafuta chenye kukaza zaidi. Ukutani kwa Hirji karatasi ya kaki ilikuwa imejaa mpaka ikaongezewa nyingine, na wateja wakaanza kuuliza kama ni orodha ya mahari.

Alhamisi asubuhi hakwenda kushona. Alikuwa na siku moja na hana hata kina kimoja.

Ndipo akaja Zefania. Huyu alikuwa mtunza funguo za ghala, mtu mnene wa maneno, rafiki wa baba tangu mwaka walioajiriwa, na naye alikuwa na barua yake mfukoni kama wenzake saba. Alileta chupa ya mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa kwao, akaketi mkabala na mgonjwa, akamtazama, akatikisa kichwa.

"Sasa Mselemu," alisema, "miaka yote hii unanisahihisha Kiswahili changu. Leo nitaongea ninavyotaka na hunifanyi kitu."

Mzee akatoa sauti ambayo Hajira alijua ni kicheko.

Zefania akaanza kumpa habari za wenzao, polepole, mmoja mmoja, kama mtu anayepakua magunia. Hajira alikaa pembeni na daftari mapajani, hasikilizi sana; alikuwa anaitazama kraiteria kwa mara ya mia. Zefania alisema Chrispini, dereva, amesharudi kwao Kiomboi, analima, ila ameapa Jumamosi atapanda basi aje. Kidole cha mzee kikagonga kiti. Alisema Nasri wa mashine yuko Ulemo kwa wakwe zake, anatengeneza baiskeli za watu. Kidole kikagonga. Mosi anabeba mizigo stendi. Kikagonga.

Hajira akainua kichwa. Kidole hakikugonga Kiomboi. Hakikugonga Ulemo, wala stendi, wala baiskeli. Kiligonga kwenye majina tu, na kiligonga kama mtu anayehesabu.

"Na ratiba umeiona?" Zefania aliendelea, na hapo sauti ikashuka. "Barua zilituita kwa namba za ajira. Nikasema sawa, ni ofisi. Sasa hata kwenye sherehe yenyewe sisi ni wanane. Watumishi wanane. Kama mbuzi."

Mzee hakugonga wala hakufumba. Alikuwa anamtazama binti yake.

Hajira alishusha macho kwenye daftari, kwenye neno la kwanza na kistari chake. Alichukua penseli aliyokuwa ameichomeka kwenye nywele. Chini ya disiplini akaandika Chrispini, akalisoma kwa sauti, disiplini, Chrispini, na kidole cha baba yake kikagonga kiti kwa nguvu iliyomshtua Zefania.

Haikuwa kwamba baba alikosa vina. Alikuwa anawatafutia watu mahali. Maneno manane, watu wanane. Na kwa kuwa jina la mtu huwezi kulikata wala kulinyoosha ili likae, mzee aliyekataa jirani maisha yake yote alikuwa amekubali jirani.

Wakaendelea wote watatu, na ile asubuhi ikageuka kuwa kama mchezo. Zefania alitaja, Hajira akajaribu, kidole kikaamua. Ridandansi, yaani kupunguzwa kazini, likampata Mosi. Industri likampata Nasri. Potifolio, ambalo Prashant alikuwa amesema ni kama mkoba wa makaratasi, likamwangukia Mathayo aliyeshika mafaili maisha yake yote, na Zefania akasema hilo neno limemjua mwenyewe. Volantari likaenda kwa Bi Kauthar, mpika chai, ambaye kwa midomo ya huku kila mtu anamwita Kauthari. Liberalaizesheni, lile kubwa, likapewa Sultani mlinzi.

"Na mimi?" Zefania akauliza.

"Wewe ni kraiteria, baba mdogo."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni kile walichotumia kuwachuja."

Zefania akasema haya, mwandike, angalau ajue alichujwa na kitu chenye jina refu.

Likabaki neno moja na mtu mmoja. Prodaktiviti, na Mselemu. Hajira alijaribu kulisogeza jina la baba yake kwenye maneno mengine na kuwahamisha wenzake. Kila alipogusa, macho yalifumbwa. Watu walikuwa wamekwisha kukaa. Akajaribu kumweka baba penye kistari cha mwisho. Prodaktiviti, Mselemu. Alifumba macho haraka kama aliyetiwa mchanga. Hata jirani ana mpaka wake. Hawa hawakuwa hata mtaa mmoja.

"Niweke viti?" Hajira akauliza.

Akafumba.

"Nitafute mtu mwingine? Hakuna mtu mwingine, baba."

Mzee akanyoosha mkono wa kushoto, akaburuta kidole juu ya ukurasa, taratibu, juu ya kile kistari, kutoka mwanzo wake mpaka mwisho. Kisha akaurudisha mkono kwenye kiti. Kiachwe hivyo.

Mchana ule na asubuhi ya Ijumaa Hajira alijaza upande wa kushoto. Sasa haikuwa kazi ngumu. Ukishajua ni Chrispini anayesubiri mwisho wa mshororo, unakumbuka mambo ya Chrispini, na mambo ya mtu yanajipanga yenyewe. Zefania alimpa aliyoyajua, mengine alikuwa ameyaona mwenyewe utotoni alipokuwa akimpelekea baba chakula ghalani. Alisoma kila ubeti miguuni pa mzee, na kidole kiligonga. Mara mbili tu macho yalifumbwa, na mara zote mbili ilikuwa ni mizani imezidi kwa silabi moja.

Ijumaa kabla ya saa sita alipita ofisini kumwambia Meneja kwamba shairi lipo na maneno yote manane yamo. Meneja aliuliza kama ni zuri. Hajira akasema baba ameliridhia, ila kina kimoja.

Jumamosi sherehe ilifanyika ndani ya ghala lenyewe. Walikuwa wamelifagia, wamepanga viti, wametandika meza kuu kitambaa, lakini harufu ya alizeti haikukubali kufagiwa. Mizani kubwa ilikuwa bado iko pembeni, imefunikwa turubai. Mzee Mselemu aliletwa na Mosi mgongoni, kutoka barabarani mpaka kiti cha mbele, na Mosi alipomshusha akatangaza kwamba mzigo haufiki hata nusu gunia, karani ameanza kujipunja mwenyewe. Watu walicheka. Mzee naye alicheka, kwa upande mmoja wa uso.

Mgeni alisoma hotuba. Ilikuwa ndefu na yenye heshima, na ilisema watumishi wanane mara nne. Halafu Meneja akaita namba sita. Hajira akasimama na daftari, ushungi umefungwa vizuri. Aliona Meneja akiufungua ule waraka mezani na kushika kalamu tayari, ahesabu.

Akaanza kwa sauti ya kuimba aliyoizoea kwa baba yake, ile inayovuta mwisho wa mshororo ili kina kisikike:

*Waraka umetufika, unataka disiplini,*
*Hakuchelewa kazini, miaka tisa Chrispini.*

Meneja akaweka alama. Nyuma kabisa mtu akasimama. Alikuwa Chrispini, na vumbi la njia ya Kiomboi mabegani. Hakuna aliyemwambia asimame. Alisikia jina lake, akasimama kama shuleni, kisha akaona aibu kukaa.

*Neno limekuja leo, jina lake ridandansi,*
*Aliyebeba gunia, kwa mgongo ndiye Mosi.*

Mosi alikuwa tayari amesimama, kwa kuwa viti havikumtosha. Akanyoosha shingo.

*Tumechujwa kama chai, kwa hiyo kraiteria,*
*Funguo zote za ghala, kazitunza Zefania.*

Zefania akainuka taratibu, akavuta koti. Akaja Nasri, akaja Mathayo. Meneja alikuwa anaweka alama kwenye waraka, na Hajira aliona kila alama inachelewa kuliko iliyotangulia, maana alikuwa ameanza kutazama watu.

*Kuondoka kwa hiari, ndiyo yao volantari,*
*Chai yetu saa nne, alipika Kauthari.*

Hapo ghala lilicheka, mgeni akiwemo. Bi Kauthar alisimama akiwa amejifunika khanga usoni mpaka macho, mabega yanacheza, na haikujulikana anacheka au vipi.

*Milango imefunguka, liberalaizesheni,*
*Mlinzi wa lango letu, usiku kucha Sultani.*

Kicheko kikafa chenyewe. Sultani alisimama, akapiga saluti kuelekea mlango, si meza kuu.

Ukabaki ubeti mmoja. Watu saba walikuwa wamesimama, na Hajira aliwaona wote kwa pamoja jinsi walivyokuwa wametawanyika ghalani, kila mmoja peke yake kati ya waliokaa. Akavuta pumzi.

*Mwisho umeandikiwa, neno prodaktiviti,*
*Alosoma kilo zetu, mizanini…*

Akanyamaza. Aliacha kimya chenye urefu wa kistari, kama alivyoelekezwa. Alikuwa amejiandaa kukaa baada ya hapo. Lakini kwenye kuimba watu wamezoea kumalizia, na kimya kilikuwa kimeachwa mahali ambapo kila mtu ghalani alijua kinachofaa.

"Mselemu," akasema Zefania, si kwa nguvu.

"Mselemu," wakasema Mosi na Chrispini. Halafu wote waliosimama, halafu na waliokaa, na Hajira alimwona Meneja akilisema, midomo yake ikifuata kwa nyuma kidogo, kalamu ikiwa juu ya neno la nane bila kuliwekea alama.

Hajira akamgeukia baba yake.

Mzee Mselemu alikuwa amefumba macho. Machozi yalikuwa yanashuka upande uliokufa na upande ulio hai, lakini macho ameyafumba, ameyabana, na binti yake hakuhitaji kuuliza. Silabi mbili za neno lile na silabi mbili za jina lile hazikulingana. Kilo pungufu ni pungufu.

Kwa muda wa siku tano, kila baba alipofumba macho, Hajira alifuta; safari hii hakufuta. Alisogea mpaka meza kuu, akamwomba Meneja kalamu yake ya wino. Meneja akampa. Hajira akaliweka daftari kwenye ukingo wa meza, akatafuta upande wa kulia, chini kabisa, na juu ya kile kistari akaandika jina la baba yake, herufi kwa herufi, bila haraka.